Pengo la Nyuma ya Lifti

Alikuwa anatembea kinyumenyume katikati ya umati wa Jumamosi, macho darini, kishikwambi mkononi, ndipo kiatu chake kikatua juu ya hariri ya zambarau iliyotandazwa mlangoni pa duka la vitambaa.

"Wee kaka! Macho umeyaacha nyumbani?"

Aligeuka. Binti aliyepiga magoti sakafuni alikuwa amebana pini tatu midomoni na bado alikuwa anafoka vizuri tu. Alivaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, tepu ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu, na mkasi mkubwa aliushika kama mtu anayejua kuutumia kwa kazi nyingine pia.

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama kamera."

"Na kamera ikakutazama wewe unavyonikanyagia mali. Ushahidi upo juu."

"Haupo," akajibu kabla hajafikiri. "Ile inatazama ngazi. Hapa mlangoni kwako haifiki."

Binti alizitoa pini mdomoni. Mteja aliyekuwa anasubiri kitambaa chake alicheka, na binti akashindwa kujizuia, akacheka pia.

"Unajuaje haifiki?"

"Ndiyo kazi yangu."

Akachuchumaa pale pale, watu wakimruka, akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na ramani ya jumba zima la maduka, ghorofa ya chini, na juu yake nukta nyekundu zimetapakaa. Kila nukta ilikuwa kamera. Kutoka kwenye kila nukta kilifunguka kipande kama cha keki, chembamba kwenye ncha na kipana mbele. Alimweleza kwamba programu inataka kujua mambo machache: kamera iko wapi, inaelekea upande gani kwa digrii kuanzia kaskazini, inafungua macho kwa upana gani, na inaona mpaka umbali gani. Ukiyaandika hayo, yenyewe inachora kipande. Vipande vikikamilika, unaona jumba linaonekana wapi na wapi limebaki kipofu.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayejua pa kujificha."

"Peke yangu."

"Makubwa! Na digrii zako zote hizo hukuiona hariri ya watu." Akaikung'uta, akaitazama alama ya soli. "Nenda zako, Bwana Digrii. Ukirudi, rudi na viatu safi."

Alirudi kesho yake na viatu vipya. Jina hilo la Digrii likamganda, mpaka mama yake mzazi alikuja kulisikia. Naye Digrii alimwita binti Hariri, na wauza maduka wa ghorofa ile wakalidaka.

Mapenzi yao yalikuwa ya kutaniana. Alimpigia simu akiwa ofisini, kachumba kadogo juu ya maegesho kenye feni iliyokuwa inalalamika kama mgonjwa.

"Hariri wangu, umevaa nini leo?"

"Nguo."

"Rangi gani?"

"Si una kamera? Nitafute."

"Duka lako liko nje ya vipande vyangu vyote. Nimekagua."

"Basi shuka kwa miguu, mpenzi. Miguu haijaharamishwa."

Alishuka. Kulikuwa na mahali nyuma ya lifti ya mizigo, kwenye korido ya kwenda lango la nyuma, ambapo kamera mbili zilikaribiana bila kugusana. Kwenye ramani, vipande viwili viliacha kati yao pengo lenye umbo la jani. Alipaswa kuliandikia taarifa wiki ile ile aliyoligundua. Hakuliandikia. Pale ndipo alipombusu mara ya kwanza, harufu ya vitambaa vipya ikiwa imemjaa shingoni, lifti ikiguna ukutani.

"Hapa kweli hatuonekani?" Hariri aliuliza.

"Hata Mungu inabidi apande ngazi."

"Usikufuru." Lakini alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa yanapima kuta, sakafu, mlango. Digrii alidhani anaona haya.

Haikuwa haya. Hariri alikuwa na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyetoroka kwa mumewe baada ya kupigwa mpaka akapoteza mimba. Mume alikuwa na duka la vipuri vya magari ng'ambo ya barabara, na mdogo wake mume, mlinzi mwenye masharubu membamba, ndiye aliyekaa kutwa nzima kwenye chumba cha skrini za jumba lile. Dada alikuwa amejificha kwenye chumba cha rafiki, mtaa wa mbali, na riziki yake ilikuwa kupinda mapazia na kushona foronya za duka la vitambaa. Kazi ilibidi aichukue na kuirudisha mwenyewe, maana mume angeweza kumfuata Hariri. Alikuwa amemwapisha Hariri asimwambie mtu yeyote.

"Hata huyo mchumba wako," alisema. "Wanaume wanaambiana. Leo atamwambia rafiki, kesho shemeji yako yuko mlangoni."

Kwa hiyo kila alipokuja, dada alivaa koti la kiume, suruali pana na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Alipita lango la nyuma ameinamisha kichwa, akakimbilia kwenye pengo. Pale alivua kofia. Palikuwa mahali pekee katika mji mzima, nje ya chumba alicholala, alipothubutu kuivua.

Digrii aliwaona Alhamisi moja, adhuhuri, akiwa ameshuka bila kupiga simu, na mfuko wa zabibu mkononi. Alisimama kwenye kona. Aliuona mgongo: koti la kiume la kahawia, kofia, na mikono ya Hariri imelizunguka lile koti, imelikumbatia kwa nguvu ambayo yeye hajawahi kukumbatiwa. Kisha akaisikia sauti yake, laini:

"Ijumaa ijayo pitia hapa hapa, kipenzi changu. Hapa hawakuoni."

Alirudi nyuma hatua kwa hatua. Zabibu alizitupa kwenye pipa la taka.

Jioni alimpigia.

"Mchana ulikuwa wapi, mpenzi?"

"Dukani. Wapi tena?"

"Hukutoka kabisa?"

"Nilitoka kunywa maji."

"Na nani?"

"Na kikombe." Hariri alicheka, kicheko kifupi kilichokosa mwisho. "Vipi leo, umekuwa askari?"

"Nauliza tu. Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu, Digrii. Una nini?"

"Sina kitu," akasema, akakata simu, akakaa akiitazama feni inavyozunguka.

Alikuwa kijana mpole. Hakuwa mtu wa kupayuka wala wa kuinua mkono, na alijivunia hilo. Lakini wivu wa mtu mpole hutafuta njia safi ya kupita, na yeye njia aliyokuwa nayo ilikuwa safi kuliko zote: kazi yake. Alifungua ramani. Kamera ya kwenye nguzo ya korido ilielekea digrii mia na arobaini. Aliifuta namba hiyo, akaandika mia na sabini. Kipande kiligeuka kwenye kioo, kikateleza juu ya korido, na lile pengo lenye umbo la jani likafunikwa lote. Akaliandikia taarifa, lile lile alilolinyamazia miezi yote, na meneja akamsifu kwa umakini. Siku iliyofuata fundi alipanda ngazi na kuigeuza kamera kama ramani ilivyosema. Hakuna mtu ambaye angeweza kumlaumu kwa chochote.

Ijumaa ile alikwenda kukaa kwenye chumba cha skrini. Alisema amekuja kuhakiki picha. Fundi alikuwepo, amekaa juu ya boksi anakunywa soda, na mlinzi mwenye masharubu membamba alikuwa kitini pake, miguu mezani.

Koti la kahawia liliingia langoni. Digrii alisogeza kiti karibu na skrini. Alimwona Hariri akija upande wa pili, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya maua, bunda la kitambaa kwapani. Wakakutana. Wakakumbatiana. Kisha yule wa koti akanyanyua mkono, akavua kofia, na nywele ndefu za kusuka zikamwagika mabegani.

Mwanamke. Mwenye sura ile ile ya Hariri, imekonda tu.

Digrii alicheka. Ilimtoka kwa furaha isiyo na mfano. Alicheka mpaka akapiga meza kwa kiganja, machozi yakamlenga. "Dada yake!" alimwambia fundi. "Jamani, ni dada yake!"

"Ulidhani nani?" fundi aliuliza, na yeye akazidi kucheka.

Mlinzi alikuwa ameshusha miguu. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo. "Shemeji," alisema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Akachukua simu yake, akatoka nje.

Digrii hakumjali. Alikuwa anamtazama mpenzi wake kwenye skrini, anavyomfunga dada yake kifungo cha koti, na alijiona mjinga mwenye bahati kuliko wajinga wote. Akampigia pale pale. Alimwona akishtuka, akiitazama simu, akitabasamu.

"Hariri wangu."

"Umenikumbuka leo? Wiki nzima umeninunia."

"Nisamehe. Nilikuwa punguani."

"Ulikuwa? Umeacha lini?"

"Sasa hivi. Nikuombe radhi kwa nini, chagua. Viatu? Pete?"

Kwenye picha, Hariri alimpungia dada yake mkono kwamba atangulie, atamfuata. Siku zote alimsindikiza mpaka langoni na kuchungulia barabara kwanza. Leo aliegemea ukuta, akasokota ncha ya tepu yake kidoleni.

"Umesema pete?" aliuliza.

"Nimesema pete."

"Rudia, simu inakwaruza."

Dada alikwenda peke yake, bunda begani. Kwenye skrini ya pembeni, ile ya lango la nyuma, mwanamume mpana mwenye mikono yenye grisi aliingia anatembea haraka. Hakukimbia. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma cha kufungulia magurudumu.

"Digrii? Mbona umenyamaza? Haloo?"

Skrini zile hazikuwa na sauti. Aliona mkono ukipanda. Aliona bunda likifunguka na mapazia yakitandazika sakafuni. Sauti ilimfikia kwa njia nyingine, kwa simu aliyoishika sikioni: yowe la dada kutoka mbali, kisha yowe la Hariri karibu kabisa, kisha simu ikaanguka.

Alipofika chini wapagazi walikuwa wamemshika yule mwanamume. Hariri alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha dada yake mapajani, blauzi nyeupe haikuwa nyeupe tena. Taya la dada lilikuwa limehama upande.

"Nipo," Digrii alisema, akapiga magoti. "Nipo, mpenzi."

Hospitalini, kwenye benchi la korido lenye harufu ya dawa ya kusafishia, Hariri alimwambia yote: kutoroka, mimba, kiapo. Alilia kwenye shati lake mpaka likaloa.

"Nisamehe sikukwambia. Nilimwapia."

"Usiombe radhi," alisema. "Wewe usiombe."

"Lakini walijuaje? Pale palikuwa panajulikana na mimi na wewe tu."

Mwanya ulikuwa pale, mpana kama mlango. Daktari alipita, viatu vyake vikilia sakafuni. Digrii alimpapasa mgongo.

"Labda walimfuata kutoka mtaani," akasema.

Hariri akaamini. Kwa nini asiamini?

Mume alifungwa. Mlinzi alitoroka siku ile ile na hakuonekana tena. Dada alihamia chumbani kwa Hariri, meno yake yamefungwa kwa waya juu na chini, akila kwa mrija. Na Digrii alikuwa mwema. Lazima lisemwe, maana ndilo lililouma zaidi baadaye. Alinunua mashine ya kusagia matunda, akajifunza kupika supu nyepesi na kuichuja isibaki hata punje. Alimsomea dada magazeti kwa sauti ya kuchekesha. Dada, ambaye hakumwamini mwanamume yeyote, alifika mahali pa kumgongea kikombe mezani kwa kidole kila alipochelewa, kwamba shemeji, njaa.

"Umemroga dada yangu," Hariri alimwambia dukani, anampima mabega kwa tepu.

"Bado wewe."

"Mimi ulinimaliza zamani. Simama wima. Suti ya nini hii unayotaka?"

"Ya harusi."

"Ya nani?"

"Ya kwako, kama utakuja."

Tepu ilibaki imekaza kifuani pake. Wateja wawili waligeuka. Hariri aliinamisha uso kwenye shati lake, na aliyekuwa karibu alimsikia akisema, "Nitakuja. Nitawahi hata kabla yako."

Wakapanga Jumapili mama yake Digrii aje kuwaona.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, fundi wa kamera aliingia dukani kununua kitambaa cha mkewe. Alikuwa mtu wa maneno mengi na roho safi.

"Shemeji yetu, hongera! Tumesikia. Lakini jamaa yako ana wivu, nakuonya mapema."

"Wivu gani?" Hariri alikuwa anakata, mkasi ukienda juu ya meza.

"Hujui? Alinipandisha ngazi kuigeuza ile kamera ya korido ya nyuma. Kumbe alikuwa anakuwinda wewe! Akaja kukaa kwenye skrini siku ile… siku ile ya mkasa. Alipoona ni dada yako tu, maskini, alicheka mpaka akapiga meza. Nikasema huyu kapenda kweli."

Mkasi haukutetereka. Ulifika mwisho wa kitambaa umenyooka.

"Alicheka," alisema Hariri.

"Kwa furaha, dada yangu! Ungemwona."

Alimfungia kitambaa, akamtuma salamu kwa mkewe. Halafu akaingia stoo, akakaa kati ya marobota, na hakutoka mpaka duka lilipofungwa.

Hakumpigia simu kuvunja ahadi. Jumapili alifagia chumba, akatandika kitambaa cheupe mezani. Alivaa gauni lile la kijani. Mama yake Digrii alikuja na kilemba cha buluu na mkoba wa ngozi, anahema kwa ngazi, uso umejaa furaha ya mtu aliyengoja siku hiyo miaka. Digrii alikuwa nyuma yake na suti mpya aliyoshonewa na mikono ya Hariri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe! Picha zinakuonea."

Dada alikaa kitini dirishani. Waya zilikuwa zimetolewa wiki ile, lakini taya halikurudi pale lilipokuwa, na maneno yalimtoka mazito. Walikunywa chai. Mama alimsifu mwanawe mpaka akamtia aibu.

"Huyu tangu mdogo ni mtu wa taratibu. Hajawahi kumuumiza hata paka. Ila kazi yake, mwanangu, mimi mpaka leo sijaielewa."

"Akueleze," alisema Hariri. "Digrii, mweleze mama. Kama ulivyonieleza mimi."

Akaeleza, kwa furaha, akichora mezani kwa kidole: nukta hapa, upande huu, upana, umbali. Mama alitikisa kichwa kwa fahari.

"Na ile ya korido ya nyuma," Hariri akauliza kwa sauti ile ile, akimwongezea mama chai, "ilikuwa inaelekea digrii ngapi?"

Kidole kilisimama.

"Hariri."

"Ngapi? Wewe si husahau namba."

"Mia na arobaini," alisema kwa shida.

"Ukaipeleka wapi?"

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu bado liko usoni, halijajua pa kwenda. Dada alikuwa amegeuka kutoka dirishani.

"Mia na sabini."

"Mwambie mama kwa nini."

"Nilidhani una mwanamume. Nilidhani ni mwanamume. Sikujua. Hariri, wallahi sikujua mlinzi ni nani, sikujua kuna mume, ulinificha kila kitu!"

"Kweli, hukujua," alisema. "Wivu ningekusamehe, na mimi nilikudanganya. Lakini ulinishika pale kwenye benchi, nikakuuliza walijuaje, ukasema labda walimfuata. Nikalala miezi najiuliza ni kosa gani nililifanya. Na wewe unamchujia supu."

"Nilikuwa narekebisha."

"Ulicheka nini?" Huyu alikuwa dada. Maneno yalitoka yamepinda, kila moja likisukumwa, na kila mtu aliyasikia. "Siku ile. Ulicheka nini?"

Digrii alianza kulia. "Nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni wewe."

Mama aliweka kikombe chini. "Wanangu, ni bahati mbaya hii. Ni mtoto, amepotoka, anakupenda…"

"Na mimi nampenda, mama," alisema Hariri. "Mpaka sasa hivi hapa nilipokaa. Hilo nitalimaliza mwenyewe. Suti aende nayo, haitamtosha mtu mwingine."

Alifungua mlango, akausimamia. Digrii aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea kwa dada, na dada akaurudisha uso wake dirishani. Mama alipita mbele ya mwanawe bila kumngoja. Ngazini Digrii alijaribu kumshika mkono asianguke, na mama akauvuta mkono wake.

"Nitashuka mwenyewe," alisema.

Hariri alifunga mlango. Alikusanya vikombe, akavipeleka kwenye sinki, akaushika ukingo wake bila kuviosha, na mabega yakaanza kumtetemeka.

"Unamlilia?" dada aliuliza kutoka dirishani.

"Namlilia."

Dada alifikiri kidogo, akajipapasa taya.

"Lia," alisema. "Ila fungulia maji. Nisikusikie."

Hariri alifungua bomba mpaka mwisho.